Shimo Tupu: Kulijua Jedwali la Elementi kwa Mchezo wa Bao

Ikiwa umepata kusoma kemia katika shule ya sekondari, bila shaka unaikumbuka karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, yenye vyumba vingi vidogo, na ndani ya kila chumba herufi moja au mbili pamoja na tarakimu. Karatasi hiyo ni jedwali la elementi, ambalo huitwa pia mfumo radidia kwa sababu tabia za elementi zilizomo hujirudia kwa zamu. Bila shaka unakumbuka pia jinsi ulivyolisoma: kwa kuimba. Haidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu, mpaka kalsiamu, zote ishirini kwa pumzi moja. Na aliyekosea alirudia tangu mwanzo.

Mimi pia niliimba, na niliimba vizuri. Mwaka 2009 nilipokwenda ng'ambo kwa masomo ya uzamivu, mmoja wa walimu wangu alinisimamisha mbele ya jedwali na kuniuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema: "Uzito wa atomi ya agoni ni 39.95 na wa potasiamu ni 39.10. Kwa nini basi iliyo nzito imetangulia iliyo nyepesi?" Nikajibu upesi kwamba namba ya atomi ya agoni ni 18 na ya potasiamu ni 19. Akasema: "Waliolipanga jedwali hawakuwa na namba hizo. Wao walijuaje?" Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimelibeba jedwali zima kichwani kwa miaka mingi, lakini sikujua limetoka wapi. Nilijua majibu ya maswali ambayo sikupata kuyauliza.

Makala haya yanaeleza mchezo mmoja wa darasani unaoweza kumwondolea mwanafunzi aibu kama ile iliyonipata. Hauhitaji maabara wala umeme. Unahitaji chaki, kadi ishirini, kokoto chache, na ujuzi wa bao, ambao katika nchi yetu si haba.

Waliotangulia kutafuta mpango

Kabla ya kucheza, yafaa tujue mchezo wenyewe ulianzaje. Maana jedwali la elementi halikushuka likiwa kamili. Lilitafutwa kwa miaka mingi na watu waliokuwa na habari nyingi zisizo na mpango.

Mwaka 1829 mwanakemia Johann Döbereiner wa Ujerumani alionyesha kwamba baadhi ya elementi hukaa tatu tatu, kama mafiga. Chukua lithiamu, sodiamu na potasiamu. Zote ni metali laini, na zote hutoa gesi ya haidrojeni zikitiwa majini. Uzito wa atomi ya lithiamu ni 7 na wa potasiamu ni 39. Ukijumlisha utapata 46, na nusu yake ni 23. Huo ndio uzito wa atomi ya sodiamu, iliyo katikati. Jambo hilo lilikuwa la ajabu, lakini mafiga machache hayatoshi kuwa jiko la kijiji kizima.

Mwaka 1865 John Newlands wa Uingereza alizipanga elementi kwa kufuata uzito, akaona kwamba kila ya nane hufanana na ile aliyoanzia kuhesabu, mithili ya sauti za muziki zinavyojirudia. Alipolieleza jambo hilo mbele ya Chama cha Kemia cha London mwaka 1866, mmoja wa wasikilizaji alimwuliza kwa dhihaka kama alikwisha kujaribu kuzipanga kwa kufuata alfabeti. Dhihaka hiyo haikuwa ya haki, kwa kuwa Newlands alikuwa ameona jambo la kweli. Hata hivyo, mpango wake ulikuwa na kasoro moja kubwa. Yeye alijaza kila nafasi. Palipozidi elementi, alizibana mbili katika chumba kimoja, na hakuacha mahali pa elementi iliyokuwa haijagunduliwa.

Ndipo alipotokea Dmitri Mendeleev wa Urusi. Mwaka 1869 alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Saint Petersburg, mwenye umri wa miaka 35, naye alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake kitabu cha misingi ya kemia. Tatizo lake lilikuwa la mwalimu yeyote: elementi 63 zilikuwa zimekwisha kujulikana, naye hakujua aanze na ipi na amalizie na ipi. Inasimuliwa kwamba aliziandika juu ya kadi, moja moja, kila kadi na uzito wake na tabia zake, kisha akazipanga na kuzipangua kama mtu achezaye karata peke yake.

Katika kupanga huko, Mendeleev alifuata uzito, lakini hakuruhusu uzito uvunje ujamaa wa tabia. Alipoona kwamba elementi inayofuata haifanani hata kidogo na zile ambazo ingekaa chini yake, hakuilazimisha kukaa. Aliruka nafasi na kuiacha wazi. Mwaka 1871 aliandika jinsi elementi tatu ambazo hakuna aliyepata kuziona zitakavyokuwa siku zitakapopatikana.

Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, ambayo ilistahili mojawapo ya nafasi hizo. Alipoipima, alipata kwamba ina uzito mara 4.7 ya maji ya ujazo sawa. Mendeleev, ambaye hakuwa na hata chembe ya galiamu, alimwarifu kwamba jibu linapaswa kukaribia 5.9 na akamshauri aisafishe zaidi na kupima tena. Mfaransa huyo alipima tena, akapata 5.9. Mwaka 1879 ikapatikana skandiamu, na mwaka 1886 Clemens Winkler wa Ujerumani akapata jemaniamu. Kwa hii ya mwisho Mendeleev alikuwa ametabiri uzito wa atomi wa 72. Kipimo cha leo ni 72.6.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba ujuzi wa Mendeleev haukuwa katika vyumba alivyovijaza tu, bali pia katika vile alivyokubali kuviacha wazi. Hili ndilo jambo ambalo wimbo wa elementi ishirini hauwezi kumfundisha mtoto, na ndilo linalofundishwa na mchezo wetu.

Bao na elementi ishirini za kwanza

Bao la Kiswahili lina mistari minne, na kila mstari una mashimo manane. Jumla yake mashimo 32. Sasa tazama elementi ishirini za kwanza. Mstari wa kwanza wa jedwali una elementi mbili tu, haidrojeni na heliamu. Mstari wa pili una nane, kutoka lithiamu mpaka neoni. Mstari wa tatu una nane pia, kutoka sodiamu mpaka agoni. Mstari wa nne unaanza na potasiamu na kalsiamu. Mistari minne, na isiyozidi nane kila mmoja: elementi ishirini za kwanza hukaa ndani ya bao bila kusukumana.

Mwalimu achore bao hilo sakafuni kwa chaki, au uwanjani kwa kijiti, kisha awaeleze wachezaji mambo mawili tu. Kwanza, mstari wa juu una makazi mawili tu, shimo la kwanza na shimo la nane. Pili, elementi zinazofanana tabia hukaa katika safu moja, yaani moja chini ya nyingine.

Kisha zitengenezwe kadi ishirini kutokana na maboksi ya bidhaa. Juu ya kila kadi yaandikwe mambo manne: jina la elementi, uzito wa atomi yake, idadi ya mikono yake, na dokezo moja la mahali inapopatikana. Mikono ni njia ya kueleza ni atomi ngapi za haidrojeni, au za klorini, zinazoweza kushikwa na atomi moja ya elementi hiyo. Vitabu huiita valensi. Namba ya atomi isiandikwe kabisa. Mwanafunzi akipewa namba hiyo, hana tena la kutafuta. Atazipanga kadi kama mtu apangaye tarehe.

Madokezo yatolewe katika nchi yetu wenyewe. Kadi ya sodiamu iseme: magadi ya Ziwa Natron na chumvi ya Uvinza. Kadi ya kaboni iseme: mkaa, na pia almasi ya Mwadui. Kadi ya fosforasi itaje mbolea ya Minjingu. Ya heliamu itaje bonde la Rukwa, ambako watafiti walitangaza mwaka 2016 kwamba gesi hiyo imo ardhini kwa wingi. Kadi ya beriliamu itaje zumaridi. Ya magnesiamu, ukijani wa majani ya mchicha. Ya alumini, sufuria. Ya kalsiamu, chokaa na matumbawe. Ya potasiamu, majivu ya kuni. Kadi ya florini iwakumbushe wanafunzi meno yenye rangi ya kahawia ya watu wengi waliokulia katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Hapo mwanafunzi ataona pia kwamba alama zinazomsumbua zina maana. Sodiamu huandikwa Na kutokana na jina lake la Kilatini, natrium, ambalo ni ndugu wa jina la Ziwa Natron. Potasiamu huandikwa K kutokana na kalium, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ilihusu majivu ya mimea. Bibi aliyechuja maji ya majivu ili kulainishia mboga alikuwa akishughulika na elementi ya 19.

Mchezo wa kwanza: kupanga

Nilialikwa kuujaribu mchezo huu katika shule moja ya kutwa na mwalimu ambaye zamani nilimfundisha. Darasa lake la Kidato cha Pili lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini, na maabara yao ilikuwa chumba chenye meza na makabati matupu. Kilichomsikitisha zaidi ni kwamba muda wa kuchagua masomo ulikuwa umekaribia, na wengi, hasa wasichana, walikuwa wamekwisha kuamua kuiacha kemia. "Mwalimu," aliniambia, "si kwamba hawana akili. Wamechoka kukariri kitu wasichokiona."

Tuliwagawa katika makundi ya watu wanane wanane, kila kundi na bao lake na kadi zake. Kabla ya kuzigawa, tuliondoa kwa siri kadi moja katika kila fungu, kadi ya silikoni. Makundi yalipata kadi 19 na hayakuambiwa lolote.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Walizipanga kadi kwa uzito, wakaanza kuzilaza katika mashimo. Haidrojeni na heliamu zilikaa penye makazi mawili ya mstari wa juu. Mstari wa pili ulijaa bila ubishi, na hapo wakaona jambo lililowafurahisha: idadi ya mikono ilikuwa ikipanda na kushuka. Lithiamu mkono 1, beriliamu 2, boroni 3, kaboni 4, kisha naitrojeni 3, oksijeni 2, florini 1, na neoni haina mkono hata mmoja. Walipoanza mstari wa tatu, mwendo ule ule ukarudi: sodiamu 1, magnesiamu 2, alumini 3. Hiyo ndiyo maana ya neno radidia, na walikuwa wameiona kabla ya kuambiwa.

Kisha ikaja fosforasi. Kwa uzito, ndiyo iliyofuata alumini, na makundi mengi yaliilaza katika shimo la nne, chini ya kaboni. Lakini kaboni ina mikono minne na fosforasi ina mitatu. Salfa nayo ikaangukia chini ya naitrojeni, na klorini chini ya oksijeni. Kila mmoja alikuwa amekaa katika nyumba ya jirani. Makelele yakaanza. Kundi moja lilirudia kupima, jingine likadai kwamba kadi zetu zimekosewa. Ilichukua kama robo saa kabla ya mvulana mmoja kuisukuma fosforasi shimo moja mbele, polepole, kama mtu asiye na hakika. Salfa ikaenda chini ya oksijeni, klorini chini ya florini, na kila kitu kikatulia. Chini ya kaboni pakabaki shimo tupu.

Hapo nikawauliza: "Nani anakaa humo?"

Nikawataka wamweleze asiyekuwapo. Walisema uzito wake ni lazima uwe kati ya alumini, 27, na fosforasi, 31, wakakisia 29. Walisema ana mikono minne, kama kaboni. Na kwa kuwa oksijeni ina mikono miwili, walisema atomi moja ya elementi hiyo itashika oksijeni mbili. Nikachota mchanga mlangoni nikaumimina katikati ya bao. Mchanga, kwa sehemu kubwa, ni silikoni iliyoungana na oksijeni, atomi moja kwa mbili, SiO2. Uzito wa atomi ya silikoni ni 28. Katika gamba la dunia hakuna elementi iliyo nyingi kuliko silikoni isipokuwa oksijeni. Walikuwa wameikanyaga asubuhi yote, na sasa walikuwa wameitabiri.

Ugomvi wa agoni na potasiamu

Mwalimu asitoe msaada upesi katika sehemu inayofuata, kwa maana ndiyo kiini cha mchezo.

Baada ya klorini zinabaki kadi tatu: potasiamu 39.10, agoni 39.95 na kalsiamu 40.08. Wenye kufuata uzito huiweka potasiamu katika shimo la nane la mstari wa tatu, chini ya neoni. Agoni wakaiweka katika shimo la kwanza la mstari wa nne, chini ya sodiamu. Katika kundi moja msichana aliyeshika kadi ya potasiamu alikataa kuilaza. Wenzake wakamwambia kwamba kanuni ni uzito. Akajibu: "Neoni ni gesi isiyoshika chochote. Hii ni metali, ina mkono mmoja, na hulipuka majini. Uzito unasema hapa, lakini tabia inasema pale. Mimi nafuata tabia." Akachukua kadi ya agoni kutoka mkononi mwa jirani yake, akazibadilisha.

Msichana huyo hakujua kwamba ugomvi wa namna hii uliwashughulisha wanasayansi wakubwa. Mendeleev mwenyewe alikutana nao katika teluriamu na ayodini: teluriamu ni nzito zaidi, lakini tabia inataka itangulie. Aliiweka pale tabia ilipotaka, na akadhani kwamba uzito wa teluriamu umepimwa vibaya. Katika hili alikosea. Uzito ulikuwa umepimwa sawa. Agoni nayo ilipogunduliwa mwaka 1894 na Lord Rayleigh pamoja na William Ramsay, haikuwa na safu katika jedwali lake, na mwanzoni Mendeleev alisitasita kuipokea kuwa elementi mpya. Hata mpangaji wa bao anaweza kushangazwa na kete.

Jibu lilipatikana mwaka 1913. Kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, alizipiga elementi mbalimbali kwa elektroni na kupima miale ya eksirei iliyotoka. Aliona kwamba miale hiyo hubadilika kwa ngazi zilizo sawa kutoka elementi moja hadi nyingine, na kwamba ngazi hizo hazifuati uzito, bali idadi ya chaji chanya ndani ya kiini cha atomi. Leo tunasema ni idadi ya protoni, nayo ndiyo namba ya atomi. Agoni ina protoni 18 na potasiamu 19. Moseley hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Lakini kwa nini agoni, yenye protoni chache, iwe nzito zaidi? Kwa sababu uzito wa atomi hutokana na protoni pamoja na nyutroni. Atomi nyingi za agoni zina nyutroni 22, na nyingi za potasiamu zina 20. Na hapa pana siri nzuri. Sehemu ndogo sana ya potasiamu duniani, ile yenye protoni na nyutroni 40 kwa jumla, si imara. Kila baada ya miaka bilioni 1.25 nusu yake huwa imegeuka. Karibu tisa katika kila atomi kumi zinazogeuka huwa kalsiamu, na karibu moja huwa agoni. Yaani huhamia kwa majirani zake wawili wa bao. Agoni iliyomo katika hewa tunayovuta, ambayo ni karibu sehemu moja katika mia, kwa kiasi kikubwa sana ilizaliwa hivyo ndani ya miamba. Potasiamu ndiyo mama wa agoni iliyomzidi uzito.

Jambo hili limetufaa sisi pia. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai. Majivu ya volkano yaliyokuwa mahali hapo yana potasiamu, na ndani yake agoni ilikuwa imejikusanya kidogo kidogo tangu siku volkano ilipoyatema. Kwa kuilinganisha agoni hiyo na potasiamu iliyobaki, wataalamu walitangaza mwaka 1961 kwamba tabaka lile lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Kadi mbili zilizogombaniwa sakafuni ndizo zilizotoa umri wa Zinjanthropus.

Mchezo wa pili: kete

Kadi zikishakaa mahali pake, mchezo wa pili hueleza sababu ya mikono. Kila mchezaji huchukua kadi moja na kete, au kokoto, kulingana na shimo lake: shimo la kwanza kete 1, la pili 2, mpaka la nane kete 8. Heliamu peke yake huvunja kanuni. Inakaa shimo la nane lakini ina kete 2. Kete hizo ni elektroni za mzingo wa nje wa atomi.

Lengo la kila mchezaji ni kufikisha kete nane, au kutoa zote alizo nazo. Haidrojeni hutafuta kete mbili tu. Metali hutoa kete zake. Zisizo metali hupokea kutoka kwa metali, au hushirikiana zenyewe kwa zenyewe, na kete za ushirika huhesabiwa pande zote mbili.

Sodiamu yenye kete 1 humpa klorini mwenye 7, na chumvi ya chakula imepatikana, NaCl. Magnesiamu yenye kete 2 inahitaji klorini wawili, MgCl2. Oksijeni mwenye kete 6 hushirikiana na haidrojeni wawili, na hayo ni maji. Alumini wawili hutoa kete sita, na oksijeni watatu hupokea mbili mbili, Al2O3. Huo ndio utando mwembamba unaoilinda sufuria isiliwe na hewa. Kalsiamu na oksijeni hufanya chokaa mbichi ya tanuri. Kundi hupata alama moja kwa kila kampaundi iliyoundwa sawasawa, na alama mbili zaidi likieleza inapotumika nyumbani au shambani. Mwenye neoni hapati wa kucheza naye. Ataketi pembeni huku wenzake wakimcheka, na hatasahau kwa nini gesi hizo huitwa bwete.

Mipaka ya bao

Ni wajibu wangu kueleza pia yale ambayo mchezo huu hauwezi kufanya. Kwanza, kete si elektroni. Elektroni haikai mahali pamoja kama kokoto, na atomi si shimo. Pili, kanuni ya nane hufaa kwa sehemu kubwa ya elementi hizi ishirini, lakini si kwa zote wala si wakati wote. Tatu, bao letu huishia kwenye kalsiamu. Baada yake huja metali kumi, kutoka skandiamu, ya 21, mpaka zinki, ya 30, nazo huhitaji mashimo ambayo bao halina. Jedwali la leo lina safu 18 na elementi 118. Nne za mwisho kupewa majina zilipewa mwaka 2016, na mstari wa saba ukajaa.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, mchezo si badala ya maabara. Mtoto aliyeiweka potasiamu mahali pake kwa hoja anastahili kuiona siku moja ikiwaka juu ya maji, mbele ya mwalimu aliyefundishwa kumlinda. Nisingependa makala haya yatumiwe kuwa sababu ya kuyaacha makabati yale yakiwa matupu. Shimo tupu hufaa pale tu mtu anapokusudia kulijaza.

Yule mwalimu aliniandikia baadaye kwamba msichana wa kadi ya potasiamu amebaki katika kemia. Sijui atafika wapi, wala haidhuru. Yeye amekwisha kupata jambo ambalo mimi nililipata nikiwa mtu mzima, mbali na nyumbani: amegundua kwamba karatasi ya ukutani iliandikwa na watu waliobishana, na kwamba hata yeye anaweza kuingia katika ubishi huo.

Wacheza bao wanajua kwamba kete ya mwisho ikiangukia katika shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu ni ya mwenzake. Katika bao la elementi mambo ni kinyume. Kete ikifika penye shimo tupu, hapo ndipo mchezo unapoanza.